Kiti cha Nyuma

Pikipiki haikuwa na kiti cha nyuma, na hilo ndilo lililomuudhi fundi kabla hata hajauliza kama inawaka. Mtu mwingine angeanza na injini. Angechuchumaa, akanusa oili, akaminya klachi, akatazama tairi kama zimepasuka. Huyu alisimama chini ya upenu wa mzee aliyekuwa akiiuza, mikono kiunoni, macho yameganda pale nyuma palipobaki bati tupu na matundu ya boliti, amenuna kama mtu aliyefika harusini akaambiwa bibi harusi kasafiri.

Ndiyo kazi yake, viti. Alikuwa akishona viti vya magari na pikipiki tangu ujana wake, na watu walimwita Mshono, jina lililomkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi hasa, hilo hakuna wa kumnyima. Lakini alikuwa na ugonjwa wake, nao ndio uliomponza: kitu cha zamani, kwake, lazima kirudi vilevile kilivyotoka kiwandani, mpaka uzi, mpaka kichwa cha msumari. Ukibadilisha kimoja, alikuwa akiwaambia wateja, umeshatengeneza kitu kingine.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya safari ndefu, zile nzito zenye kioo cha kukinga upepo mbele na masanduku mawili ubavuni, iliyoundwa kwa ajili ya watu wawili wanaokwenda mbali na hawana haraka ya kurudi. Kutu ilikuwa imeila vibaya. Tangi lilibonyea upande mmoja, na panya walikuwa wamezaa ndani ya kichujio cha hewa. Ila kiti cha mbele kilikuwa kizima, na fundi alipopitisha kidole gumba juu ya mshono wake alifumba macho. Uzi ulipita mara mbili kwenye tundu moja bila kuchana ngozi. Hakuwahi kuona mkono wa namna ile, na alitamani kumjua mwenyewe.

Akauliza cha nyuma kiko wapi. Mzee akasema hakiuzwi. Fundi akasema basi na yeye hanunui. Hapo ndipo anaponitia hasira, maana katika ulimwengu mzima hakuna aliyekuwa na haja ndogo ya kiti kile kuliko yeye. Angeweza kushona kingine huku anapiga gumzo. Watu waliokosa viti walikuja kwake! Lakini bwana huyu alikuwa kichwa ngumu, akasimama palepale mpaka mzee akachoka, akamwongoza stoo.

Kiti kilikuwa kimening'inizwa darini kwa waya, kimegeuzwa uso chini. Stoo nzima ilijaa vumbi la miaka, isipokuwa pale chini yake, ambapo sakafu ilikuwa safi kana kwamba imefagiliwa asubuhi ile. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizolowa mvua zisikaushwe. Mzee hakuvuka kizingiti. Alimpa fundi koleo ya kukatia waya, akasema kwa sauti ya chini:

"Sikia vizuri. Mimi sijakupa. Umechukua mwenyewe."

Fundi akakata waya. Kiti kilimwangukia mikononi kikiwa kizito kuliko umbo lake, na cha uvuguvugu, akadhani ni joto la bati la paa. Kwa utani akauliza kama kuna mtu alifia juu yake. Mzee akajibu kwamba kufa kungekuwa nafuu, akamwambia kama ni lazima aiendeshe, aiendeshe peke yake, asimpakize mtu. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, wala hakungoja kuona pikipiki ikipakiwa garini.

Nyumbani mkewe aliipokea kwa kicheko. Aliizunguka mara kadhaa, akapiga tangi kwa kucha, akasema hatimaye ameletewa mke mwenza wa chuma, na huyu angalau hatakula sana. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Karakana ilikuwa uani, nyuma ya chumba chao, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyemshikia ngozi mumewe isivutike vibaya chini ya cherehani, ndiye aliyemfunga vidole akijichoma. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa wawili tu, na fundi alikuwa amemwahidi siku nyingi kwamba ipo siku watafunga virago waende mbali, wapite barabara kuu mpaka waone lami inapoishia. Mke alikuwa ameacha kukumbusha. Sasa akaanza tena kuuliza, huku akijifanya anauliza tu.

Basi wakaishughulikia pamoja. Mke aliketi kwenye kigoda na beseni la mafuta ya taa, akiosha boliti moja moja kwa mswaki wa zamani, akizipanga juu ya gazeti. Mume alifungua kabureta, akabadilisha plagi, akanyoosha tangi kwa nyundo ya mpira. Jioni walinuka petroli wote wawili na walikula mikono ikiwa bado myeusi kwenye kucha. Nadhani hawakuwahi kupendana kuliko majuma yale.

Kiti cha nyuma fundi alikiacha mwisho, kama mtoto anavyoacha nyama. Hakugusa mshono wa juu, astaghafiru, angekata mkono kwanza. Alikigeuza, akang'oa misumari ya chini, akafungua kitambaa cha tumbo. Ndani hamkuwa na sponji. Mlikuwa na nywele, ndefu, nyeusi, zimeviringishwa na kushindiliwa.

Mtu wa kawaida angekitupa na kukimbia. Mshono akatabasamu. Kila fundi wa viti anajua kwamba zamani, kabla ya sponji, viti vizuri vilijazwa manyoya ya farasi, na hiki kilikuwa kiti kizuri. Ujuzi wake wenyewe ndio uliompofusha. Mkewe alishika fungu moja, akalipitisha vidoleni, akasema zile si za mnyama. Mumewe akamwambia yeye ajue mambo ya boliti. Akaziosha kwa sabuni, akazianika kwenye kamba uani, katikati ya mashuka na gauni la mkewe, na jua lilikuwa kali.

Mashuka yalikauka. Gauni likakauka. Nywele zilidondosha maji mpaka jioni, na kesho yake, na kesho kutwa. Mwishowe alichoka kusubiri, akazirudisha ndani zikiwa mbichi, akagongomea misumari ileile.

Siku alipokifunga kiti mahali pake, ndipo alipoona. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye pikipiki, anafuta mikono, amejaa fahari, na sehemu ya nyuma ikashuka. Ilishuka polepole, shokapu zikalia kidogo, kama zinavyolia mtu mzima anapoketi kwa uangalifu. Wala haikuinuka tena. Akakagua springi, akaziona nzima. Akazibadilisha, nazo zikashuka. Akajiambia ni boliti haijakaza, akaikaza, akajiambia ni sakafu, akaisogeza pikipiki, na kila mara alijipa jibu la kifundi, maana fundi akikosa jibu huwa hapati usingizi.

Mkewe aliacha kuweka kigoda chake upande ule.

Walitoka mara ya kwanza alasiri moja yenye upepo mzuri. Mke alijifunga kilemba, akavaa viatu vya kufunga kamba, akapanda nyuma, na fundi akapiga stati. Injini ikaitikia kwa sauti nzito, tulivu, isiyokatika hata mara moja. Walipita maduka, wakapita mashine za kusaga, wakafika barabara kuu. Mikono ya mkewe ilikuwa imemzunguka kiunoni. Alihisi kidevu begani kwake, na akaanza kumwonyesha mambo ya njiani kwa kupaza sauti, shamba lile, mnara ule. Mkewe hakujibu. Kisha akamsikia, na sauti haikutoka begani. Ilitoka mbali zaidi, nyuma kabisa, kama mtu aliyebanwa kwenye ukingo.

"Mume wangu, simamisha. Kuna mtu kati yetu."

Akatazama tumboni pake. Mikono iliyomzunguka ilikuwa imelowa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pa kumlaumu. Angeweza kushika breki. Barabara ilikuwa tupu, bega la barabara pana. Lakini injini ilikuwa inaimba kwa mara ya kwanza baada ya miaka isiyojulikana, na akilini mwake kipande kidogo, kipande cha fundi, kikamwambia amalizie mpaka kona ile, injini ipate joto vizuri, asiizime katikati, na akaimalizia, huku nyuma yake mkewe akilia kwa sauti ya chini isiyo na machozi, na kidevu kile kikizidi kumlemea begani, na maji yakimtiririka kutoka kola mpaka mkanda wa suruali. Alipozima na kugeuka, mkewe alikuwa ameketi peke yake katikati ya kiti, amenyooka, mkavu. Alikuwa anatabasamu. Hakushuka.

Tangu siku ile mwanamke akawa si yule. Hakuosha, hakupika, hakuongea. Alikaa nyuma ya mumewe. Mume akila, alivuta kiti akakaa nyuma yake. Mume akishona, alisimama nyuma yake, na pumzi yake yenye unyevu ikamgonga shingoni. Nywele zake zilianza kung'oka mafungu mafungu, kavu kama majani makavu, zikabaki kwenye mto wa kulalia, zikabaki kwenye vikombe. Usiku alitoka kitandani, na fundi alipomfuata alimkuta karakanani juu ya pikipiki gizani, kwenye kiti chake cha nyuma, akimngojea, na neno alilolitamka lilikuwa moja tu, akilirudia bila hasira wala haraka, "Twende," na fundi alipomshika mkono amshushe alikuta ana uzito wa watu wawili.

Mara mojamoja, alfajiri, alirudi. Macho yake yalikuwa macho yake. Alimshika mumewe ukosi kwa vidole vilivyokonda akamnong'oneza haraka, kama mtu aliyeibia nafasi mlangoni, "Usiniache naye. Anakaa juu yangu," na kabla mume hajajibu uso ulikuwa umeshafungwa tena.

Aliyechukua hatua alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Alikuja kutembelea, akamtazama mdogo wake kitambo, hakupiga kelele. Alivaa viatu akatoka, akarudi na mganga: mama mnene wa makamo, mkavu wa maneno, mwenye miwani iliyofungwa uzi na kigoda chake mwenyewe cha plastiki, kwa sababu, alisema, viti vya watu haviamini. Aliomba aonyeshwe pikipiki. Alikinusa kiti cha nyuma kwa mbali, akawatoa fundi na shemeji mpaka njiani, akawasemesha chini chini.

Alisema ndani ya yule mwanamke wamo wawili, na nafasi ni ya mmoja. Jini lile limekaa kwenye kiti miaka mingi, likibebwa tu, na sasa limepata mwili. Kesho jua likichomoza yeye angeita, na mmoja angetoka.

"Ila mimi sichagui nani," akasema, akimtazama fundi. "Kinachochagua ni kiti. Kiwe mbele yake, kilekile, na nywele zake. Jini litakiona, litarudi kwake, na tutalichoma humo humo. Kisipokuwapo, litabaki lilipo, na atakayetoka ni mnyonge wao. Huyo ndiye atakayekwenda kukaa kwenye nafasi ambayo jini limeiacha kitini. Umenielewa?"

Fundi akasema ameelewa. Alikuwa ameelewa kila neno.

Jioni alifungua kiti kwenye pikipiki akakiweka juu ya meza ya kazi. Taa ilikiangukia kwa ubavu, mshono ukasimama wazi, uzi mara mbili kwenye tundu moja. Kitu kile kikiungua, hakuna mwingine atakayekiona tena. Akajipa jibu la kifundi. Angetoa nywele tu, zichomwe hizo, ngozi ibaki. Akatia mkono tumboni mwa kiti, akavuta, na nywele hazikutoka. Zilikuwa zimeshika kwenye ngozi kwa ndani, zimeota. Ukizitoa unaichana.

Basi akakaa kwenye cherehani. Chumba cha pili mkewe alikuwa anaita "Twende, twende" kwa sauti isiyo yake, na shemeji analia, na yeye akatafuta ngozi kuukuu ya rangi ileile, akaikata, akaijaza sponji, na manyoya ya brashi juu ya sponji, akaupiga mshono ule kwa mkono, uzi mara mbili kwenye tundu moja, jambo ambalo hakuwahi kuliweza maishani, na usiku ule akaliweza. Akakipaka oili na vumbi la sakafu. Akavitazama viwili pamoja, na yeye mwenyewe nusura achanganyikiwe kipi ni kipi. Cha kweli akakisukuma chini ya meza, akakifunika vipande vya ngozi. Aliwaza hivi: jini halijui mshono. Na hata likijua, cha kweli kiko hapo hapo uani, lifike lenyewe likae, baadaye atakifungia mahali. Mkewe atapona, na kiti kitabaki. Alitaka vyote viwili, na hakuona aibu.

Kulipopambazuka walimketisha mkewe uani juu ya mkeka, mkeka ukalowa. Mganga akafukiza, akaanza kuita, kwanza kwa kubembeleza, kisha kwa ukali, na mwanamke akatetemeka mpaka meno yakagongana, midomo ikafunguka, na sauti nzito yenye maji ikauliza nyumba yake iko wapi. Mganga akakisukuma kiti mbele. Mwanamke akainama. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, mwanzo hadi mwisho, jinsi fundi mwenyewe alivyozoea kufanya. Kisha akainua macho, akamtazama fundi peke yake.

"Mshono mzuri," akasema.

Mganga akamgeukia fundi, akamuuliza kama hiki ndicho. Shemeji alikuwa amekishika kichwa cha mdogo wake kwa mikono miwili. Neno moja lingetosha, na meza ilikuwa hatua chache. Fundi akasema ndicho, naapa ndicho.

Mganga akaita mara ya mwisho. Mwanamke akapiga ukelele mmoja, mwembamba, wa mtu anayevutwa kwa mguu kutoka kitandani, akaanguka. Wakakichoma kiti. Moshi wake ulikuwa mweusi na ulinuka plastiki, na mganga aliunusa, akavua miwani, akamtazama fundi kwa muda mrefu. Alikunja kigoda chake akaondoka, na hakurudi kuulizia mgonjwa, kitu ambacho waganga hufanya.

Na mgonjwa alifumbua macho, akamtambua dada yake, akaomba maji. Akacheka. Jamani, walivyofurahi. Jioni alikula sahani mbili. Siku chache baadaye nywele zilianza kuota tena, nyeusi, nyingi, zikikua haraka hata majirani wakamuuliza anapaka nini. Shemeji akarudi kwake akishukuru. Fundi aliamka kila asubuhi akamkuta mkewe yuko wima, ameshavaa, anakwenda huku na huku. Alikuwa amependa kutembea. Alitembea uani, alitembea sokoni na kurudi, alizunguka mtaa bila sababu, akikanyaga kwa nguvu na kuitazama miguu yake kama mtu aliyenunua viatu vipya. Kigoda na beseni la boliti hakuvigusa. Habari ya kwenda kuona lami inapoishia hakuitaja tena, na mumewe alipoitaja alisema ya nini kubebwa, yeye amechoka kubebwa.

Chini ya meza kulianza kugongwa. Kidogo, kwa kificho. Fundi akishona, alihisi meza inatikisika. Akapiga redio kwa sauti. Akaweka gunia la sponji, akaweka tofali. Siku moja alijikaza akatia mkono chini ya vile vipande, akagusa ngozi, ikawa na joto la mwili wa mtu mwenye homa, na ikatulia mara ile ile alipoiwekea kiganja. Akauondoa mkono kama aliyeungua. Alijua kilichomo humo: jini, limerudi kwake, kama alivyopanga. Alipaswa kufurahi kwamba hesabu yake imekubali. Badala yake alishindwa kula, akawa anashika tama mchana kutwa, kwa sababu usiku, redio ikizimwa, kugongwa kule kuligeuka kilio, na kilio kile alikuwa akikifahamu.

Mkewe akamfuata karakanani alasiri moja, akasimama mbele yake, akamwekea mkono kichwani.

"Najua hukukichoma," akamwambia kwa upole. "Mimi sina kinyongo. Lakini nalisikia linanitafuta. Likitoka humo litarudi juu yangu."

Fundi alilia kama mtoto. Aliomba msamaha, akapewa, papo hapo, bila hata kulaumiwa. Akasema atakichoma leo leo, hata kama ngozi yenyewe ingekuwa ya dhahabu. Mara hii alikuwa anasema kweli. Mkewe akamshika mkono wakakitoa pamoja, akamwambia jambo moja la mwisho.

"Litakuita kwa sauti yangu. Usilisikilize."

Wakakiweka katikati ya ua, jua likiwa linaelekea kuzama. Fundi akafungua tangi la pikipiki, akanyonya petroli kwa mpira, akajaza kopo. Alipoanza kumwaga, kiti kikasema. Sauti ilitoka ndani kabisa, imezibwa kama inayotoka chini ya mto, na ilikuwa sauti ya mkewe, hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya neno kilikuwamo. Ilisema, ni mimi, mume wangu, huyo siye, ni mimi huku. Fundi akamtazama mkewe aliyesimama. Mkewe akatikisa kichwa kwa huzuni, akamkazia macho kana kwamba anamsaidia kubeba kitu kizito. Fundi akapiga moyo konde. Kiti kikaita tena, kikamtajia siku waliyooana na mvua iliyonyesha, kikamtajia mimba iliyoharibika wasiyomwambia mtu, na yeye akamwaga mpaka kopo likawa tupu, kwa pupa, akijiambia jini linajua kila kitu, limekaa ndani yake, limesoma kila kitu, akajipapasa mfukoni akatoa kiberiti, akawasha njiti.

Kiti kikaacha kuomba. Kikakohoa kidogo.

"Basi sogea nyuma kwanza," kikasema. "Umejimwagia mikononi, utaungua."

Njiti ilikuwa imeshamtoka vidoleni.

Akatazama mikono yake, na kweli ilikuwa imelowa petroli mpaka kwenye viwiko. Jini lingemtajia hata siri za kaburini, lakini halingemwonea huruma ya mikono. Moto ukaruka. Fundi akajitupa juu yake, akashika ngozi ile kwa viganja vitupu, na viganja vikawaka, na ndani ya moto mkewe akapiga kelele, si za kuita mtu tena, kelele tu, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa ua mzima, ikavuka ukuta, na kutoka nyuma mikono miwili yenye nguvu na unyevu ikamzunguka kiunoni, ikafungana tumboni pake, ikamvuta taratibu mbali na moto, ikamshikilia hapo hata alipojirusha, mpaka kelele zikapungua, zikawa kikohozi, zikaisha. Kidevu kikamlalia begani.

"Sasa unalia nini?" likamuuliza sikioni, kwa sauti ileile nzuri ya mkewe. "Mimi si niko hapa?"